Barua Zilizosomwa na Kanuni

Ofisi ya ukaguzi wa usalama viwandani ilikuwa na ugonjwa mmoja, na ugonjwa huo uliitwa sifuri. Kila Ijumaa wakubwa wa makao makuu walitazama, kutoka huko huko mbali waliko, ni barua pepe ngapi ambazo hazijasomwa katika sanduku la kila ofisi ya wilaya. Ofisi yenye namba kubwa ilitajwa mkutanoni kwa uzembe. Ofisi yenye sifuri ilipigiwa makofi. Hakuna aliyewahi kusimama na kuuliza kama kusomwa na kushughulikiwa ni ndugu wa tumbo moja. Namba ilikuwa namba, na mkuu wa ofisi hii aliitunza sifuri yake kama yai.

Aliyeketi mbele ya sanduku hilo alikuwa karani wa masjala, mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Ofisi nzima ilimwita Bi Nukta. Jina alipewa na tarishi, ambaye ulimi wake haukuwa na kufuli, kwa sababu barua yoyote iliyokosa nukta mwisho wa sentensi ilirudishwa kwa mwandishi wake, hata awe nani.

"Bi Nukta harudishi barua kwa kosa," tarishi alikuwa akisema. "Anairudisha kwa kitu ambacho hata nzi akitua kwenye karatasi angekikamilisha."

Naye alicheka pamoja nao, kwa kuwa jina lile halikumkera. Alianza kazi zama za majalada ya karatasi na kamba, akiyapanga katika makabati ya chuma yaliyolia kila yalipofunguliwa. Kompyuta zilipoletwa, wenzake walizichukia. Yeye alizisoma kama alivyosoma majalada, polepole, akiuliza kila kitu kinakaa wapi. Akajua kwamba barua pepe zenyewe hazikai katika mashine iliyo mezani. Zinakaa kwenye seva, mashine kubwa ya kuhifadhia iliyoko makao makuu. Programu huchukua nakala ya kila barua na kuiweka tumboni mwa mashine, ili mtu akiihitaji tena isilazimike kuifuata mbali. Kila nakala ina alama zake: ni mpya au imesomwa, iko folda gani, imetoka kwa nani. Na kila baada ya kitambo programu huiuliza seva: kilichoongezeka ni kipi, kilichoondoka ni kipi? Kilichoongezeka hukileta, kilichoondoka hukifuta na kwake pia. Haiulizi kwa nini kimeondoka, wala nani kakiondoa.

"Ni kama mapacha," tarishi alisema siku alipofuta tangazo kwenye kompyuta ya mapokezi na likatoweka kwenye ya Bi Nukta. "Mmoja akinyolewa, mwingine anashika kichwa."

Basi siku moja Mkuu alimwita ofisini kwake, akiwa ameukunja uso.

"Bi Nukta, namba hii inanichafua."

"Ni malalamiko ya wafanyakazi wa viwandani, Mkuu. Gari la wakaguzi bado liko gereji, kwa hiyo hawajayafungua."

"Najua. Lakini si ulituambia mashine inaweza kufundishwa?"

"Inaweza, Mkuu. Unaiwekea kanuni."

"Basi iwekee. Chochote chenye neno 'lalamiko' au 'hatari', kikiingia tu kiende folda ya pembeni, na kiwe na alama kwamba kimesomwa. Mimi mwenyewe nitakuwa nakipitia kila wiki."

"Kisomwe kabla ya kusomwa, Mkuu?"

"Mama, wewe ni mtu wa nukta. Mambo ya herufi kubwa tuachie sisi."

Bi Nukta akarudi mezani kwake, akafungua ukurasa wa kanuni, akaandika alichoambiwa. Folda akaiita Ufuatiliaji, kwa kuwa ndilo jina alilopewa. Kanuni ilikaa kwenye seva, ikafanya kazi usiku na mchana bila mshahara wala likizo: barua ilifika, ikapekuliwa maneno yake, ikasukumwa pembeni, ikapigwa alama. Mwandishi naye, popote alipokuwa, alipata jibu lililotumwa na mashine: *Ujumbe wako umepokelewa na unashughulikiwa.* Ijumaa iliyofuata ofisi ilipigiwa makofi.

Baada ya muda alithubutu kuuliza. "Mkuu, folda ile inanenepa."

"Kunenepa si dalili ya afya?" Mkuu akajibu, na waliokuwapo wakacheka. Bi Nukta hakuuliza tena. Na hapa pasemwe wazi, maana kweli haina adabu ya kusubiri: hapo ndipo sehemu yake ya lawama ilipoanzia. Mkuu alitoa amri ya aibu, lakini amri ya aibu haitembei bila miguu ya mtu mwaminifu.

Bi Nukta alikuwa na ndugu mmoja tu, mdogo wake, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Kijana huyo, ambaye sasa alikuwa baba wa watoto, alikuwa mwangalizi wa boila, tangi la kuchemshia maji yawe mvuke, katika kiwanda cha sabuni kilicho pembezoni mwa mji. Kazi yake ilikuwa kulisha moto, kutazama geji na kuhakikisha mvuke hauzidi kipimo. Wenzake walimwita Injinia, nusu kwa utani na nusu kwa heshima, kwa sababu hakuwa na cheti chochote na bado alilijua boila lile kama mama amjuavyo mtoto mkorofi.

Jumapili moja, Bi Nukta akiwa amekwenda kula kwao, Injinia alisema akiwa bado anatafuna, "Dada, ofisi yenu nimeiandikia."

"Kuhusu nini?"

"Usiulize. Wasije wakasema unanibeba. Nimeandika kwa ile anwani iliyobandikwa getini kwetu, kama raia mwingine yeyote."

"Na wamemjibu hapo hapo, wifi," mkewe akadakia huku akimfuta mtoto pua. "Hata simu hajairudisha mfukoni."

"Serikali inanijibu haraka kuliko huyu ninayelala naye," Injinia akacheka.

"Wewe unauliza kama chakula kipo huku umeshika kijiko. Nikujibu nini?"

Wote wakacheka, isipokuwa Bi Nukta. Alijua jibu lile lina uzito gani. Aliwaza kwenda kesho yake kuifungua folda, kisha akajizuia. Maisha yake yote alikuwa amewasema makarani wanaopenyeza mambo ya ndugu zao mbele ya foleni, na hakutaka kuwa mmoja wao. Tena Mkuu alisema anazipitia. Mkuu si mtoto.

"Subiri zamu yako," alimwambia mdogo wake. "Pale kwetu barua haipotei."

Na kweli haikupotea. Huo ndio msiba wenyewe.

Boila lilipasuka asubuhi moja, wakati watu wa zamu ya usiku wakiwapisha wa mchana. Simu ilimfikia Bi Nukta akiwa kazini. Aliizima kompyuta, akaifunika kitambaa chake kama kawaida, akachukua mkoba na kutoka bila kuaga. Tarishi alimfuata hadi barabarani akamsimamishia gari, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane hakuwa na neno la kuchekesha.

Wakamzika Injinia. Kabla udongo haujakauka, kiwanda kikatoa tamko: mwangalizi wa boila aliifunga kwa waya valvu ya usalama, ile inayoachia mvuke ukizidi, ili apate kulala bila kusumbuliwa na kelele zake. Hakuwahi kutoa taarifa ya hitilafu yoyote kwa yeyote. Maiti haulizwi sanda, wala hapewi nafasi ya kujitetea redioni. Habari ikashika njia zake. Wiki haikupita, watoto wa Injinia wakaanza kuitwa shuleni "watoto wa mlala kazini", na mjane wake akaacha kwenda dukani, maana kila alipoingia mazungumzo yalikatika kama uzi.

Bi Nukta alirudi kazini na nguo nyeusi. Tarishi alimkaribisha kiti cha mapokezi, akainama kama anayeokota kitu sakafuni.

"Pole sana, dada. Nikuambie jambo, lakini sikukuambia. Mkuu alikuja siku isiyo ya kazi, peke yake. Ile folda ya Ufuatiliaji, mimi niliiona ikiwa imejaa hadi shingoni. Sasa hivi itazame."

Tarishi akaifungua kwenye kompyuta ya mapokezi. Folda ilikuwa nyeupe kama sahani iliyooshwa.

Bi Nukta aliitazama. Kisha akili yake, ambayo tangu mazishi ilikuwa imelala, ikaamka ghafla. Kompyuta yake mwenyewe haikuwashwa tangu asubuhi ile ya ajali. Haijauliza seva chochote. Haijaambiwa kwamba kuna kilichoondoka. Alinyanyuka bila kukimbia, akaingia chumba chake, akapiga magoti chini ya meza na kuchomoa kebo ya mtandao. Ndipo akaiwasha mashine.

Zilikuwapo zote. Katika programu ile barua mpya huandikwa kwa herufi nene, na ikishasomwa herufi zake hukonda. Hizi zote zilikuwa zimekonda, mstari juu ya mstari, barua za watu wa viwanda vyote vya wilaya: mashine isiyo na kinga, moshi usio na pa kutokea, mlango wa dharura uliofungwa kwa kufuli. Katikati yao aliliona jina la mdogo wake, si mara moja.

Ya kwanza ilisema: *Lalamiko kuhusu boila. Valvu ya usalama imefungwa kwa waya ili uzalishaji usisimame. Nimeifungua, msimamizi ameifunga tena. Naomba mkaguzi aje.*

Iliyofuata: *Nashukuru kujibiwa kwamba jambo langu la hatari ya boila linashughulikiwa. Waya bado upo. Naomba kujua mkaguzi atakuja siku gani ili nisiwe mapumzikoni. Nataka nimwoneshe mwenyewe.*

Na ya mwisho: *Wenzangu walitaka kuacha kazi kwa ajili ya hatari hii. Niliwaonesha jibu lenu, nikawaambia wavumilie, serikali inakuja. Tafadhali msiniaibishe mbele yao.*

Kila sentensi ilikuwa na nukta yake. Yeye ndiye aliyemfundisha.

Alilia pale pale, kimya, mkono mdomoni. Alipokwisha kulia akaizima mashine, akaitangaza kuwa mbovu, na kuanzia siku hiyo akawa anafanya kazi kwenye kompyuta ya mapokezi. Mkuu alipopita na kuuliza, alimwambia inasubiri fundi. Mkuu akatikisa kichwa na kuendelea na safari yake.

Wizara ilikuwa imemteua mchunguzi wa ajali ile. Bi Nukta alimpigia simu kutoka nje ya ofisi, akamweleza yote aliyoyaona.

"Umefanya vyema," mchunguzi alisema. "Sasa usipige picha, usinakili, usichapishe. Wewe ni dada wa marehemu. Ukizigusa tu, wakili wa kiwanda atasema umezitunga. Subiri nije nizichukue kwa utaratibu."

"Nimeelewa, mheshimiwa. Lakini mashine isiunganishwe na mtandao. Ikiunganishwa tu, itazifuta."

"Nimeandika hapa."

Akatii. Simu yenye kamera ilikuwa mkobani, kalamu ilikuwa mezani, na funguo za chumba zilikuwa mkononi mwake. Lakini alikuwa amelelewa na kuzeeka ndani ya utaratibu, na utaratibu ulimwambia ngoja. Watu wa namna yake ndio wanaozibeba ofisi zetu mabegani, na ndio wanaodondokewa nazo.

Jioni hiyo alikwenda kwa wifi yake. Akamkuta ameketi kitandani, viatu vya kazi vya marehemu vimepangwa ukutani kana kwamba mwenyewe yuko bafuni.

"Wifi, jikaze. Ushahidi upo. Aliandika, na nimeuona kwa macho yangu. Jina lake litasafishwa."

Mjane akamkamata mikono. "Aliandika kweli? Si maneno ya kunifariji?"

"Kweli tupu."

"Na walizisoma?"

"Zina alama ya kusomwa."

"Nani alizisoma akanyamaza?"

Bi Nukta akatazama sakafu. "Hakuna aliyezisoma, wifi. Ni mashine tu ilipiga alama."

"Mashine," mjane akarudia, kama mtu aliyetajiwa jina la mgeni asiyemfahamu. Kisha akaita watoto, akawaambia mbele ya shangazi yao, "Mkisemwa kesho, nyamazeni. Baba yenu atajisemea mwenyewe."

Bi Nukta hakusema mkono wa nani uliifundisha mashine. Alijiambia atasema baadaye, jina la ndugu yake likishakuwa safi, wakati maneno hayo yatakapokuwa yamepungua makali.

Mchunguzi alifika amevaa suti, akiwa na fundi wa kompyuta kutoka makao makuu, mtu mpole mwenye mkoba wa vifaa begani. Mkuu aliwapokea kwa tabasamu na kuwaagizia soda. Ilipofika zamu ya kuingia chumba cha masjala, mchunguzi alimzuia Bi Nukta mlangoni.

"Ndugu wa marehemu hawezi kuwapo wakati ushahidi unachukuliwa. Ni sheria."

"Sawa, mheshimiwa. Ila ile kebo..."

"Mama, nilikuelewa tangu kwenye simu."

Akaketi kwenye benchi la ukumbini, tarishi ubavuni pake. Mlango ukafungwa. Kupitia ukuta mwembamba walisikia simu ya mchunguzi ikilia, na sauti yake ikisogea upande wa dirisha: ndiyo bosi, ndiyo, niko kwenye kazi ile ile. Walisikia kiti kikivutwa na mashine ikianza kunguruma.

Fundi alikuwa ameiwasha. Aliona kebo imelala sakafuni, nje ya tundu lake. Katika kila ofisi aliyoingia maishani mwake alikuwa amekuta kebo iliyochomoka, na katika kila ofisi aliichomeka kabla hata ya kuuliza tatizo ni nini. Mkono wake ulikuwa umezoea kuliko akili yake. Akaichomeka.

"Aa!" sauti yake ilisikika hadi ukumbini. "Mbona zinaondoka?"

Bi Nukta aliusukuma mlango kwa bega. Kwenye kioo mistari ilikuwa ikitoweka kutoka juu kwenda chini, kwa haraka na bila kelele, jinsi shuka linavyovutwa kitandani. Mashine ilikuwa imeuliza, seva ilikuwa imejibu. Alijitupa chini ya meza, akaichomoa kebo kwa nguvu hata tundu likapasuka. Alipoinuka, magoti yamejaa vumbi, folda ya Ufuatiliaji ilikuwa tupu.

 Mchunguzi alikuwa bado ameshika simu sikioni.

"Haki ya Mungu, mama, hakuna aliyeniambia," fundi alisema. "Ningejua nisingegusa. Kitu kidogo hiki hata mimi nakijua."

"Nilikuwa nataka kumwambia," mchunguzi akasema.

Fundi alihangaika na mashine ile hadi jua likazama. Alipata vipande: nusu ya tarehe, kipande cha anwani, neno "naomba" lisilo na anayeomba. Nakala za akiba za makao makuu, waliambiwa, huhifadhiwa kwa muda mfupi tu, na muda wenyewe ulikuwa umepita. Simu ya marehemu iliungua pamoja naye, na neno la siri la barua pepe yake alilijua yeye peke yake. Kampuni iliyompa anwani ya barua pepe ingeweza kuombwa nakala, lakini kwa amri ya mahakama, na amri ya mahakama huombwa na mtu anayeitaka. Hakuna aliyeitaka.

Wenzake waliooneshwa jibu lile hawakutaka kupoteza kazi, na neno la mjane lilikuwa neno la mke; ikabaki kauli ya Bi Nukta. Mkuu alimwita kabla hajaitoa, akamfungia mlango, akamwekea kiti kwa mkono wake mwenyewe.

"Bi Nukta, mimi na wewe tumetoka mbali. Msiba ni wako na ni wetu. Sasa zile barua hazipo, na kitu kisichokuwapo hakina mwenyewe. Ukisema kulikuwa na kanuni, wataangalia nani aliiandika. Jina lililopo pale ni lako, si langu. Kwa nini ujichomee nyumba ili umuoneshe jirani moto?"

"Wewe ndiye uliyeniagiza, Mkuu."

"Kwa maandishi?"

Bi Nukta, ambaye kwa miaka yote alikuwa amedai kila kitu kiwe kwa maandishi na kila maandishi yawe na nukta, alikumbuka kwamba amri ile aliipokea kwa mdomo, amesimama wima kama mtoto wa shule.

"Hapana," akasema. "Lakini nitasema."

Akasema. Mbele ya mchunguzi alieleza kanuni, folda, alama na jibu la mashine. Akayatamka maneno ya mdogo wake kama alivyoyasoma. Akasema, bila kuulizwa, kwamba vidole vilivyoiandika kanuni vilikuwa vyake, na kwamba aliona si sawa siku ile ile akanyamaza. Mchunguzi alimuuliza kama ana uhakika anataka sentensi hiyo ya mwisho ibaki. Akasema ibaki. Tarishi naye alitoa ya kwake, ingawa ana watoto wa kulea. Lakini yeye aliona folda ikiwa imejaa tu, hakuwahi kusoma kilichomo.

Ripoti ilipotoka, ilisema chanzo cha ajali ni kosa la mwangalizi wa boila. Mahali padogo karibu na mwisho palisema kwamba mtumishi mmoja, ambaye ni dada wa marehemu, alidai kuwapo kwa mawasiliano ambayo hayakuweza kuthibitishwa. Wiki hiyo hiyo Bi Nukta aliachishwa kazi kwa kuweka kanuni isiyoidhinishwa katika sanduku la ofisi. Kanuni yenyewe haikuachishwa. Hakuna aliyekumbuka kuifuta, au waliokumbuka hawakuona sababu, maana sifuri bado inapigiwa makofi. Mfanyakazi anayeandika leo kwamba mlango wa dharura umefungwa kwa kufuli anajibiwa kabla hajairudisha simu mfukoni. Nchi inayopima utumishi kwa herufi zilizokonda itaendelea kuzika watu wanene na wembamba, na kila mmoja ataambiwa alilala kazini.

Siku aliyokabidhi funguo, Bi Nukta hakwenda nyumbani kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa wifi yake. Mjane alikuwa anakunja nguo za watoto. Ripoti ilikuwa imeshamfikia, kwa midomo ya watu kwanza, kisha kwa redio.

"Karibu, wifi. Nimesikia."

"Hujasikia yote." Alibaki amesimama. "Uliniuliza nani alizisoma akanyamaza. Sikukujibu vizuri. Kuna kanuni iliyokuwa ikizipiga alama kabla mtu hajaziona. Mkuu aliitaka. Mimi ndiye niliyeiandika."

Mjane aliendelea kukunja shati dogo, akalinyoosha mikono, akaliweka juu ya mengine. "Aliposema pale mezani kwamba ameiandikia ofisi yenu, ulijua zinakwenda huko?"

"Nilijua."

"Ukamwambia asubiri zamu."

"Ndiyo."

Watoto walisikika nje wakigombania mpira. Mjane akasikiliza hadi ugomvi ukaisha.

"Niambie alivyoandika," akasema. "Yote. Usinipunguzie."

Bi Nukta akamwambia. Alianza na ya kwanza, akapita ile ya katikati, sentensi kwa sentensi, akipumzika pale mdogo wake alipopumzika. Alipofika kwenye ile ya mwisho, pale alipowaambia wenzake wavumilie, sauti ilimkatika. Akaanza upya tangu mwanzo wa barua hiyo, akaimaliza.

Mjane alikuwa ameketi sasa, nguo za watoto mapajani. Hakulia.

"Alivyokuwa akikusifia," akasema taratibu. "Dada yangu yuko pale, alikuwa akisema, kwa hiyo haitapotea." Akainuka, akafungua mlango, akasimama pembeni yake. "Wifi, sikuchukii. Lakini leo siwezi kukutazama, na kesho sijui. Watoto nitawaambia shangazi yao alisema kweli mbele ya wakubwa. Mengine wakikua. Nikiweza, nitakuita."

Bi Nukta akavaa viatu vyake mlangoni. Watoto walimkimbilia uwanjani. Aliwashika vichwa mmoja mmoja, akawaambia wamsaidie mama yao, akashika njia.

Siku hizi anapiga chapa barua za watu kwenye kibanda kimoja karibu na mahakama, na bado hairuhusu karatasi kutoka bila nukta. Wengi wanaokwenda kwake ni watu wa viwandani. Akimaliza kuwaandikia huwaambia wachapishe nakala mbili, waende nazo wenyewe kwa miguu, wasiondoke mpaka mtu mwenye jina aitie sahihi mbele ya macho yao. Simu yake huiweka mezani, kioo kikitazama juu. Wifi yake hajamwita.